Kubatilika Toka Asili na Kubatilika Toka Sasa

 

Ndugu msomaji, kijana mmoja niliyemsomesha Kurani utotoni mwake, ambaye sasa anasomea sheria za serikali, alinijia baada ya sala ya alasiri na maneno mawili ya Kilatini ameyaandika katika kijikaratasi: ex tunc na ex nunc. Akaniambia, "Maalim, haya tumefasiriwa darasani na nimeyahifadhi kwa ajili ya mtihani, lakini sikuona yatanifaa nini. Ni maneno ya Warumi, na Warumi wamekwisha kufa."

Nikamwambia akae kitako. Warumi wamekufa kweli, lakini swali walilolitia katika maneno hayo halikufa nao, na limewahi kuniingilia barazani likiwa na machozi.

Tunc kwa Kilatini ni wakati ule, na nunc ni sasa. Jambo likibatilishwa ex tunc, yaani toka wakati ule, huhesabiwa kwamba halikuwapo hata siku moja. Ubatili hurudi nyuma mpaka kwenye mzizi. Likibatilishwa ex nunc, yaani toka sasa, yaliyopita yamepita kwa usahihi wake, na ubatili huanzia leo kwenda mbele. Wanavyuoni wetu nao wana maneno yao kwa maana hizo hizo. Husema mkataba umeondoka min aslihi, toka asili yake, au min hinihi, toka wakati ulipovunjwa. Imam Suyuti, aliyefariki Misri mwaka 911 wa Hijra, sawa na 1505 Miladi, ameliwekea swali hilo mahali pake katika kitabu chake cha al-Ashbah wan-Nadhair. Basi Kairo na Roma, kila mmoja kwa njia yake, walikutana mlangoni pa swali moja: kosa likigunduliwa leo, tuyafanye nini yaliyojengwa juu yake jana?

Nitataja kwanza jambo lililonifika, kisha tutembee katika tarikhi, kisha turudi nyumbani.

Miaka mingi nyuma walikuwapo mume na mke walioishi kwa wema miaka kumi na moja, na Mungu amewaruzuku watoto watatu. Akaja bibi mmoja kutoka mji wa pili kuhudhuria arusi ya jamaa, akawatazama wale wawili, akauliza majina ya mama zao, akashika kichwa. Wote wawili aliwanyonyesha yeye, mmoja baada ya mwenziwe, na kila mmoja kwa miezi. Jambo likachunguzwa, mashahidi wakapatikana, ikathibiti kuwa ni ndugu wa ziwa moja. Wakatengana siku ile ile, na nyumba ikawa kama nyumba ya msiba. Haukupita muda yule mume akafariki. Hapo ndugu yake akasimama mbele ya watu akasema: ndoa ilikuwa batili toka mwanzo, kwa hivyo hakukuwa na ndoa; na kama hakukuwa na ndoa, watoto hawa hawana baba, na wasio na baba hawarithi. Mkubwa wa wale watoto alikuwa na umri wa miaka kumi, amekaa pembeni anasikia.

Jawabu yake nitaitoa mwisho. Kwanza tuwasikilize waliotutangulia.

Katika vitabu vya sheria za Warumi, vilivyokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian na kutolewa mwaka 533 Miladi, mna habari ya mtu aitwaye Barbarius Philippus. Alikuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Akaingia Roma, watu wasimjue, akagombea cheo cha praetor, ambaye ni hakimu mkubwa wa mji, akakipata. Akakaa katika kiti akihukumu baina ya watu, na sheria za Roma hazikumruhusu mtumwa kushika cheo hicho. Lilipoulizwa swali lake, likawa gumu: hukumu alizozitoa ni batili zote? Aliyelipwa deni lake kwa hukumu ya mtu huyu alirudishe? Aliyekabidhiwa nyumba ahame?

Mwanasheria Ulpian, aliyeishi karne ya 3, alilipima jambo hili, akaona kwamba hukumu zake zisiguswe. Hoja yake ni kwamba hivyo ndivyo ubinadamu unavyotaka, kwani waliokwenda mbele ya hakimu yule hawakuwa na njia ya kumjua. Walikwenda mahakamani kama raia wema, wakatii waliyoambiwa. Udanganyifu ulikuwa wake yeye, na haifai mzigo wake watwishwe wao.

Msomaji atakumbuka kwamba mfano wa hili tunao katika sala. Katika madhehebu ya Imam Shafii, imamu akisalisha watu kisha ikabainika baada ya sala kwamba hakuwa na udhu, au alikuwa na janaba, yeye ataisali upya sala yake, na waliomfuata bila ya kujua sala yao imesihi. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) yalimfika hayo katika sala ya alfajiri, akakoga akarudia sala yake. Imamu hubeba lake. Maamuma hatwikwi asilolijua.

Warumi hao hao, mwaka 440 Miladi, zama za makaisari Theodosius na Valentinian, walitoa amri ya kwamba sheria mpya huyatengeneza mambo yajayo na hairudi kuyashika yaliyokwisha kutendwa, ila ikiwa imetajwa wazi kuwa itarudi. Kanuni hiyo Ulaya iliirithi. Na ilipofika karne ya 20, Ulaya ilijaribiwa kwayo jaribio kubwa ambalo halikupata kuonekana, nalo ndilo nitakalo kulieleza kwa kituo.

Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Septemba 1938, watu wanne walikutana Munich, nchini Ujerumani: Hitler wa Ujerumani, Mussolini wa Italia, Chamberlain wa Uingereza na Daladier wa Ufaransa. Wakaafikiana kwamba Ujerumani ichukue majimbo ya mpakani ya Chekoslovakia, yaitwayo Sudeten, walikokaa Wajerumani wapatao milioni 3. Mwenye nchi hakukalishwa katika kikao. Wajumbe wa Chekoslovakia walingojeshwa nje, wakapewa karatasi iliyokwisha kukubaliwa na wenginewe, huku majeshi ya Hitler yakiwa mpakani. Siku ya pili askari wa Kijerumani wakaanza kuingia. Mkataba huo ulisifiwa kuwa umeleta amani. Haukutimiza miezi sita. Tarehe 15 Machi 1939 Hitler mwenyewe aliuvunja, akaingia Prague, na Septemba ya mwaka huo vita vikuu vikawaka.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Chekoslovakia ilirudishiwa majimbo yake, na Wajerumani wa Sudeten karibu wote walifukuzwa, wazee kwa watoto, wengi wao wakakimbilia upande uliokuja kuwa Ujerumani Magharibi. Mipaka ilirudi mahali pake, lakini karatasi ya Munich ilibaki kama mwiba ulioota nyama. Wachekoslovakia walisema: mkataba ule ni batili ex tunc. Ulipatikana kwa vitisho, tena ukatiwa saini na watu wasiomiliki walichokitoa. Halali haikuwahi kuwamo ndani yake hata saa moja. Kamati ya Jenerali de Gaulle wa Ufaransa ilikwisha kutamka hivyo hivyo mwaka 1942, kwamba ni batili tangu mwanzo. Waingereza mwaka ule ule walikuwa na hadhari zaidi: walisema tu kwamba Ujerumani imeuvunja mkataba kwa makusudi, kwa hivyo wao hawafungwi nao tena.

Ujerumani Magharibi nayo iliushika upande wa ex nunc. Mwaka 1966 Kansela wao, Kiesinger, alitangaza kuwa mkataba ule uliopatikana kwa vitisho hauna nguvu tena. Ndugu msomaji, litazame hilo neno dogo, "tena". Kitu hakiambiwi hakina nguvu tena ila kama kilikuwa nacho zamani. Kwa ajili ya neno hilo moja dola mbili zilikaa miaka hazipelekeani mabalozi.

Huenda mtu akasema: huu ni ushindani wa wanasheria wenye wasaa. Mwenye nchi amekwisha kurudishiwa nchi yake, basi yanini kushindana juu ya mwaka 1938? Lakini tazama kilichokuwa chini ya maneno. Kama mkataba ulikuwa batili toka asili, basi Sudeten haikupata kuwa Ujerumani, na Wajerumani wale walikuwa raia wa Chekoslovakia muda wote wa vita. Na raia aliyevaa sare za jeshi la adui wa nchi yake huitwa haini. Kama ulikuwa batili toka asili, basi sheria zilizotumika huko miaka saba hazikuwa sheria. Walioozeshwa mbele ya maofisa wa serikali ile, ndoa zao ni nini? Waliozaliwa ni wana wa nani? Wasia ulioandikwa, nyumba iliyouzwa baina ya jirani na jirani, mirathi iliyogawiwa, vyote vingening'inia hewani. Na upande wa pili, mkisema ulikuwa halali mpaka ulipovunjwa, mmempa mnyang'anyi hati ya kumiliki, ijapokuwa kwa miezi sita tu. Mmemwambia aliyeporwa kwamba siku ile ilikuwa haki aporwe.

Kila upande ulikuwa na haki ndani yake, na kila upande ulikuwa na dhuluma ikiwa utafuatwa mpaka mwisho.

Mwisho wake ulipatikana tarehe 11 Desemba 1973, mjini Prague, alipokwenda Kansela Willy Brandt na mkataba mpya ukatiwa saini. Waliouandika walikuwa mafundi. Walisema katika kifungu cha kwanza kwamba mkataba wa Munich ni batili baina yao, wala hawakusema toka lini. Kisha katika kifungu cha pili wakawakinga watu: ubatili huo hautavuruga matokeo ya sheria zilizotumika kwa watu binafsi tangu tarehe 30 Septemba 1938 mpaka 9 Mei 1945, wala uraia wao. Na hapo wakatoa kitu kimoja: yale matendo ambayo pande zote mbili zinayaona kuwa batili kwa sababu yalipingana na misingi ya uadilifu, hayo hayakingwi. Siku ile ile wakarudisha uhusiano wa kibalozi. Chekoslovakia imekwisha kugawanyika kuwa nchi mbili tangu mwaka 1993, lakini lile walilolifanya lingali linafundisha: ndoa ya mnyonge iliachwa isimame, na dhuluma ya jabari haikupewa kinga.

Ipo na hukumu nyingine kutoka Ujerumani hiyo hiyo, na hapa ex tunc ilipata mahali pake hasa. Tarehe 25 Novemba 1941 serikali ya Hitler ilitoa amri kwamba kila Myahudi wa Kijerumani anayekaa nje ya nchi amevuliwa uraia, na mali yake imechukuliwa na dola. Walikuwa wamewafanya wakimbie, kisha wakawaadhibu kwa kukimbia. Alikuwapo wakili mmoja Myahudi aliyehamia Amsterdam kabla ya vita. Mwaka 1942 alikamatwa huko akapelekwa walikopelekwa wenzake, asirudi. Baada ya vita likaja swali la mirathi yake: agawiwe kwa sheria gani? Maana mirathi kwao zama zile ilifuata uraia wa marehemu, na yeye, kwa ile amri ya 1941, alikufa hana uraia.

Shauri hilo lilifika katika Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi, nayo ikatoa uamuzi tarehe 14 Februari 1968. Ikasema kwamba amri ile ilipingana na uadilifu kwa kiasi kisichovumilika, hata haiwezi kuitwa sheria, na kwa hivyo ni batili tangu siku ya kwanza. Haikusema imefutwa. Kufuta ni kukiri kwamba iliandikwa. Yule wakili alikufa akiwa raia wa nchi yake kama alivyozaliwa, na walioandika kinyume cha hayo waliandika upuuzi. Wala mahakama haikumlazimisha uraia huo mtu aliyebaki hai asiyeutaka tena. Aliyedhulumiwa alirudishiwa mlango wake, na kuingia au kutoingia ni hiari yake.

Sasa tuyatie pamoja. Kwa Ulpian, ubatili haukurudi nyuma, kwa sababu waliohukumiwa hawakujua. Kwa Mahakama ya Katiba ulirudi nyuma mpaka mzizini, kwa sababu usiporudi, dhalimu angekula matunda ya dhuluma yake na aliyedhulumiwa angebaki amevuliwa hata kaburini. Na katika mkataba wa Prague yalitendeka yote mawili, kila moja mahali pake. Basi mwenye kuuliza kama jambo limebatilika toka asili au toka sasa, na aulize pamoja nalo: nani alijua, nani hakujua, na mzigo utamwangukia nani?

Ndugu zangu, mizani hii dini yetu ilikwisha kutupa kabla ya wote hao wa Ulaya ya karne ya 20. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina alisali akielekea Baitul Makdis muda wa miezi 16 au 17, kisha ikaja amri ya kuelekea Alkaaba. Asubuhi yake watu wa Kuba walikuwa katika sala ya alfajiri, hawana habari, nyuso zao ziko Shamu. Akaja mtu akawaambia kwamba kibla kimegeuzwa. Wakageuka pale pale walipo ndani ya sala, wakaelekea Makka, wakaendelea. Hawakuikata sala wakaanza upya. Sala moja, nusu yake kibla kile na nusu yake kibla hiki, na yote imekubaliwa. Na masahaba walipowahofia ndugu zao waliokufa kabla ya kuiona Alkaaba kuwa kibla, ikateremka katika Suratul Bakara kwamba Mwenyezi Mungu si mwenye kuipoteza imani ya waja wake.

Ilipoharimishwa pombe, ikamwagwa katika njia za Madina, watu waliuliza tena: na wale waliokufa mashahidi Uhud, na matumboni mwao mna pombe? Ikaja jawabu katika Suratul Maida kwamba hawana dhambi kwa walivyokula na kunywa kabla ya katazo, maadamu walikuwa waumini wachamungu. Na katika Suratun Nisaa, walipokatazwa watu kuoa wake wa baba zao na kukusanya ndugu wawili wa kike, yalitolewa yaliyokwisha kupita. Fairuz ad-Dailami aliposilimu hali ana wake wawili ndugu, Mtume (s.a.w.) alimwamuru amwache mmoja. Ghailani ath-Thakafi alisilimu ana wake kumi, akaambiwa achague wanne. Hawakuambiwa kwamba maisha yao yote ya nyuma ni zinaa wala watoto wao hawana nasaba. Waliambiwa: toka sasa.

Lakini tazama na riba. Katika hotuba ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliiondoa riba yote ya zama za ujahili, na ya kwanza kuiondoa ni riba ya ami yake Abbas. Aliyekwisha kulipa zamani hakutafutwa, na mkopeshaji alibaki na haki ya rasilimali yake. Lakini ile riba iliyokuwa bado haijalipwa hakuruhusiwa mtu kuidai, hata akiwa na mashahidi na maandishi. Huwezi ukasema: nilifunga mkataba kabla ya katazo, nimalizie.

Katika biashara nako wanavyuoni wetu wamepambanua vizuri. Mtu akinunua ng'ombe, akakaa naye miezi, kisha akamkuta na aibu ya zamani ambayo muuzaji hakuitaja, ana haki ya kumrudisha. Na ndama aliyechukuliwa mimba na kuzaliwa kwake, je, amrudishe pamoja na mama yake? Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ni kwamba mauzo huvunjika toka wakati wa kurudisha, basi ndama ni wake aliyenunua. Sababu yake ni kwamba katika miezi ile ng'ombe angalikufa, angalikufa mkononi mwake na hasara ingalikuwa yake. Mtume (s.a.w.) amehukumu kwamba pato humwendea aliyebeba dhamana.

Sasa mlinganishe na mnyang'anyi. Mtu akiliteka shamba la mwenziwe, akalikalia miaka ishirini, harudishi shamba peke yake. Atarudisha na minazi, na nazi alizoangua, na atalipa kodi ya kila mwaka aliolizuia, hata kama hakulitumia. Kwake yeye kila siku ya miaka ile ishirini inahesabiwa. Haambiwi "toka sasa". Aliyenunua kwa nia njema na akadanganywa, sheria inamfungulia. Aliyejua, sheria inamfuata mpaka siku ya kwanza.

Na hapa niseme neno kwa jamaa zangu tunaopenda kusikia habari za toba. Toba ya kweli ni neema kubwa, na mtu akisilimu huvunjiwa yaliyokuwa kabla yake baina yake na Mola wake. Lakini wapo miongoni mwetu wanaokwenda Hija na kurudi wamevaa kanzu nyeupe, na hati ya nyumba ya mayatima ingali katika kasha. Mwenyewe ukimuuliza atasema, "Nimetubu, yaliyopita si ndwele." Methali hiyo ni nzuri anapoisema aliyedhulumiwa. Akiisema aliyedhulumu, amejigeuza hakimu wa kesi yake mwenyewe, akajihukumia ex nunc. Haki za waja hazifutwi kwa udi na zamzam. Hurudishwa kwa mwenyewe, na kama amekufa kwa warithi wake, au aombwe radhi hali yu hai na akili zake.

Nirudi sasa kwa wale watoto watatu.

Ndugu wa marehemu alisema kweli katika jambo moja: ndoa ile ilikuwa batili toka asili. Ndugu wa ziwa hawaoani, na miaka kumi na moja haigeuzi haramu kuwa halali. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Ukba bin Harith amwache mkewe pale mwanamke mmoja aliposema kwamba amewanyonyesha wote wawili. Kwa sababu hiyo yule mama hakurithi thumuni ya mke, kwani hakuwa mke. Sheria ikampa mahari ya mfano wake kwa ile miaka, na ikamtaka akae eda.

Lakini kosa la yule bwana ni kudhani kwamba ubatili ukirudi nyuma hukanyaga kila ulichokikuta njiani. Wanavyuoni wamesema kwa uwazi: mtu akimwingilia mwanamke akiitakidi kwamba ni mkewe wa halali, na kumbe sivyo, hiyo ni shubha, wala si zinaa. Hapana adhabu, hapana dhambi, na mtoto anayezaliwa nasaba yake inathibiti kwa baba yake kama mtoto wa ndoa isiyo na ila yoyote, na atamrithi. Ndoa imeng'oka na mzizi wake, na watoto wamebaki wamesimama mahali pao.

Nilimsomea yule bwana mlango huo mbele ya waliohudhuria, kisha nikamwita yule mtoto mkubwa nikamwambia taja jina lako. Akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, mpaka babu wa tatu, kama tulivyomfunza chuoni. Nikasema: hili ndilo jina lake toka asili, na hana mtu wa kumvua. Ami yake aliinamisha kichwa, na kabla ya magharibi mirathi ilikuwa imekwisha kupigwa mafungu. Na namshukuru Mungu kwamba ami yule baadaye ndiye aliyemsimamia mdogo wao wa kike siku ya kuozwa, kaka zake wakiwa safarini.

Yule mwanafunzi wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Akakikunja kijikaratasi chake akakitia mfukoni. Nikamwambia: utakapokuwa hakimu utaletewa makosa ya watu yaliyozeeka, na kila mmoja atakutaka uyang'oe au uyaache kama yalivyo. Usiangalie kosa tu. Waangalie na waliojenga juu yake. Aliyejenga hali anajua kwamba kiwanja ni cha mwenziwe, vunja mpaka msingi. Na aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo hajui lolote, usimvunjie kichwani.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kurudisha tulichokichukua kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu, na atufanye wepesi wa kusamehe yaliyo yetu na wagumu wa kujisamehe yaliyo ya wenzetu. Amin. Wallahu aalam.